Chini ya Bendera ya Nani? Historia na Matumizi ya Bendera katika Uzigua (Handeni na Korogwe)

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya bendera na matumizi yake katika nchi ya Wazigua, hususan wilaya za Handeni na Korogwe, pamoja na pwani ya Saadani na Pangani ambayo nchi hiyo ilishirikiana nayo kwa biashara na kwa vita. Hoja yetu ya msingi ni kwamba maelezo ya shuleni kuhusu rangi nne za bendera ya Tanzania, ingawa ni sahihi, hayatoshi kueleza jinsi kitambaa kilichoanza kuwa dai la mgeni kilivyokuja kuitwa "bendera yetu". Tunadai kwamba mabadiliko hayo yameacha alama katika lugha ya Kiswahili yenyewe, yaani katika neno bendera, katika kiunganishi cha umilikaji kinacholifuata, na katika vitenzi vinavyoambatana nalo.

1.0 Utangulizi

Katika shule za msingi za Kwaluguru na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, kama ilivyo kote nchini, mlingoti wa bendera ni mahali pa kukusanyika. Wanafunzi hupanga mistari mbele yake, bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, na siku ya masomo huanza. Mwanafunzi akiulizwa bendera ina rangi ngapi, atajibu bila kusita kwamba ni nne: kijani ni ardhi na uoto wake, nyeusi ni watu, buluu ni maji, na rangi ya dhahabu ni madini. Jibu hilo limefundishwa kwa vizazi kadhaa na hatuna nia ya kulipinga.

Hata hivyo, jibu hilo linaacha swali moja ambalo mtafiti wa lugha na historia hana budi kuliuliza. Rangi hizo zilitoka wapi kabla ya kupewa maana hizo? Na kabla ya bendera hii, mtu wa Uzigua alikuwa akiishi chini ya bendera ya nani? Swali la pili halikubuniwa na wanahistoria wa leo. Katika miaka ya 1880 lilikuwa swali la kufa na kupona katika pwani ya Mrima na bara yake. Mtu aliyelijibu vibaya mbele ya mwenye bunduki aliweza kupoteza mali yake au uhai wake.

Kwa madhumuni ya makala hii, Uzigua ni nchi iliyo kati ya mto Pangani kwa upande wa kaskazini na mto Wami kwa upande wa kusini, kutoka pwani ya Saadani hadi karibu na milima ya Nguu. Sehemu yake kubwa imo katika wilaya ya Handeni, pamoja na wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Korogwe, iliyo katika bonde la Pangani, ni nchi ya makutano ya Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Tumeichagua nchi hii kwa sababu historia ya bendera katika Tanzania Bara, kwa maana ya bendera kama tamko la utawala, ilianzia hapa na katika nchi jirani zake.

2.0 Neno bendera na msamiati wa baharini

Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba neno bendera lilitoholewa kutoka neno la Kireno bandeira. Linaingia katika kundi moja na maneno kama meza, mvinyo, leso, karata na gereza, yaliyoachwa na Wareno katika upwa wa Afrika Mashariki baada ya kufika kwao mwaka 1498. Kabla yake, au sambamba nalo, lilikuwapo neno beramu, ambalo limehifadhiwa katika kamusi na halisikiki tena katika mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo Kiswahili hakikukosa neno la kutaja kitu hiki. Neno jipya lilishinda pamoja na aina mpya ya matumizi, yaani bendera kama kitambulisho cha chombo cha baharini na cha dola inayokilinda.

Asili hiyo ya baharini inadhihirika katika msamiati unaolizunguka neno lenyewe. Nguzo ya bendera huitwa mlingoti, na mlingoti kwa asili ni ule wa jahazi. Kitenzi cha jadi cha kuinua bendera ni kutweka, nacho ndicho hicho hicho cha kutweka tanga. Kamba ya kupandishia ina jina lake katika lugha ya mabaharia, jarari, na kapi lake huitwa gofia, ingawa maneno haya mawili hayakuvuka ufuko kwenda bara. Hata msemo wa maombolezo, "bendera kupepea nusu mlingoti", unadokeza jahazi zaidi ya jengo la serikali. Mtoto wa Handeni ambaye hajawahi kuiona bahari hutumia msamiati wa bahari kila asubuhi anapotaja mlingoti wa shule yake.

Katika bahari bendera ilikuwa na kazi ya kisheria iliyo wazi: kueleza ni nani mwenye haki ya kukizuia chombo na ni nani mwenye wajibu wa kukilinda. Mfano mashuhuri ni ule wa majahazi ya Sur, Oman, ambayo manahodha wake walipata vibali vya kutweka bendera ya Ufaransa, na kwa njia hiyo wakaepuka kupekuliwa na manowari za Waingereza. Mgogoro huo ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, ambayo ilitoa uamuzi wake mwaka 1905. Kwa nahodha yule bendera haikuwa suala la mapenzi ya nchi. Ilikuwa hifadhi, na aliyeichagua aliichagua kwa hesabu.

3.0 Bendera nyekundu na kitambaa cha biashara

Bendera ya kwanza kuzoeleka katika njia za Uzigua ilikuwa nyekundu, nayo ni ya Sultani wa Zanzibar. Wasafiri wa karne ya 19 walioandika habari za misafara wanaeleza kwamba bendera hiyo ilibebwa mbele na kirongozi, naye akifuatwa na wapagazi. Njia mbili muhimu zilihusika hapa: ile iliyotoka Saadani kuelekea Mpwapwa, na ile iliyofuata bonde la mto Pangani kupitia nchi ya Korogwe hadi Kilimanjaro. Msafara uliobeba bendera nyekundu ulikuwa ukitangaza kwamba mali yake ina mwenyewe pwani, na kwamba anayeishambulia atadaiwa.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanaleksikografia ni kwamba katika orodha za bidhaa za wakati huo neno bendera lilikuwa na maana ya pili. Pamoja na merikani na kaniki, misafara ilibeba kitambaa chekundu cha pamba kilichoitwa bendera. Jina la bendera ya Sultani lilikuwa limehamia kwenye kitambaa cha rangi yake, na kitambaa hicho kilivaliwa, kilitolewa hongo na kilinunua pembe. Maana hii imesahaulika katika matumizi ya leo, lakini inatusaidia kuelewa mtazamo wa mtu wa bara wa wakati ule. Bendera ilikuwa kitu cha biashara kinachopita. Ilionekana asubuhi ikiingia kijijini, na kesho yake ikaondoka na waliokuja nayo.

Haikuwa, basi, alama ya aliyetawala kijiji. Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja kama ilivyokuwa kwa majirani zao Wasambaa chini ya Kimweri ye Nyumbai. Mamlaka yalikuwa ya mazumbe wengi, kila mmoja katika eneo lake. Ramani ya Handeni na Kilindi ingali inahifadhi ushahidi wa utaratibu wa kuutaja uwezo kwa mtu na mahali. Majina mengi ya vijiji huanza na kiambishi cha mahali Kwa- au Kwe-, kama vile Kwamsisi, Kwamatuku, Kwediboma, Kwekivu na Kwaluguru yenyewe. Aliyetaka kujua mamlaka ya mahali aliuliza "kwa nani?" na jibu likawa jina la mahali. Swali la "chini ya bendera ya nani?" lililetwa na wengine.

4.0 Kutoka mkataba hadi vita, 1884–1890

Mwezi Novemba 1884 Karl Peters na wenzake waliingia bara kutokea Saadani. Katika wiki chache walikusanya karatasi walizoziita mikataba katika nchi za Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Peters mwenyewe ameeleza utaratibu wa sherehe zake: hotuba ilitolewa, bendera ya Kijerumani ikainuliwa, Kaisari akashangiliwa, na bunduki zikapigwa. Mikataba iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wenyeji waliotia alama hawakuisoma. Kwa mwenyeji, bendera ile iliyoinuliwa na mgeni aliyekuwa akipita haikuwa tofauti na bendera za misafara alizokwisha kuziona. Kwa Peters ilikuwa ushahidi wa umilikaji. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kumalizika kwa Mkutano wa Berlin, Kaisari alitoa hati ya ulinzi iliyozitaja nchi hizo nne, Uzigua ikiwa mojawapo. Hivyo Uzigua iliwekwa chini ya bendera ambayo wakazi wake wengi hawakuwahi kuiona.

Mkanganyiko wa maana mbili za bendera ulilipuka pwani miaka mitatu baadaye. Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani ya Mrima. Mkataba ulisema kwamba kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Mwezi Agosti mawakala wa kampuni walipofika kushika kazi, walisisitiza kutweka pia bendera ya kampuni, iliyokuwa nyeupe yenye msalaba mweusi, na pembeni nyota tano nyeupe juu ya nyekundu. Huko Pangani wakala Emil von Zelewski aligongana na liwali wa Sultani juu ya jambo hilo. Wanamaji wa manowari Carola wakateremshwa, na bendera ya Sultani ikaondolewa kwa nguvu.

Si sahihi kusema kwamba vita vya pwani vilisababishwa na bendera peke yake. Kodi, forodha, ardhi, dharau kwa dini na hofu ya wafanyabiashara kupoteza riziki yao yote yalikuwamo. Lakini bendera ndiyo iliyoyaunganisha malalamiko hayo mahali pamoja, kwa kuwa kila mtu aliweza kuiona. Wapo waliopigana kuitetea heshima ya Sultani, na wapo ambao hata Sultani mwenyewe walimwona kuwa amewauza. Katika Pangani uongozi ulishikwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, na katika Saadani na bara yake ya Uzigua na Bwana Heri bin Juma.

Bwana Heri anastahili nafasi ya pekee katika mjadala huu. Hakuwa mtumishi wa Sultani kama maliwali wa miji mingine. Nguvu yake ilitokana na Wazigua wa bara na biashara ya njia ya Saadani. Kwa hiyo msimamo wake haukuwa wa kurudisha bendera moja mahali pa nyingine, bali wa kukataa kwamba bendera ya mgeni yeyote inatosha kuwa hoja ya utawala. Saadani ilipotekwa na majeshi ya Hermann von Wissmann mwezi Juni 1889, Bwana Heri alirudi bara na kuendeleza vita kutoka katika maboma ya miti. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri hakusalimu amri hadi mwezi Aprili 1890. Naye Zelewski, aliyeiondoa bendera ya Pangani, aliuawa na Wahehe huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake wa vita hivi katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Hapa tunataka kuangalia anwani yake tu. Kitenzi alichokichagua mshairi si kutawala wala kulinda. Ni kutamalaki, yaani kufanya kitu kuwa milki yako. Hati ya Kaisari ilizungumzia ulinzi. Mshairi wa Mrima aliuita ulinzi huo kwa jina lake.

5.0 Tai na twiga, 1891–1961

Kuanzia mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua mahali pa kampuni. Bendera ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ilitwekwa katika maboma, na neno boma, ambalo kwa Mzigua lilikuwa uzio wa kijiji wa kujikinga, likapata maana mpya ya makao ya serikali. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya katani yakaenea bondeni. Kwa wafanyakazi wa reli bendera ilipata kazi nyingine isiyo ya utawala, ile ya ishara: nyekundu ya kusimamisha gari moshi na kijani ya kuliruhusu. Matumizi haya yanaonyesha kwamba neno lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida kiasi cha kuacha ukubwa wake na kufanya kazi ya kila siku.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe na Handeni, na bendera ya Mjerumani ikateremshwa. Chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Tanganyika ilitumia bendera za Kiingereza zenye Union Jack pembeni na nembo ya kichwa cha twiga. Mnyama alikuwa wa nchi, lakini bendera haikuwa ya wananchi. Katika miaka isiyozidi thelathini tangu 1888 pwani ya Uzigua ilikuwa imeona bendera ya Sultani, ya kampuni, ya Kaisari na ya Mfalme wa Uingereza. Kila moja ilitajwa kwa kiunganishi kile kile cha umilikaji: bendera ya Sultani, bendera ya Wadachi, bendera ya Mwingereza. Sarufi haikutoa nafasi ya kusema "bendera yetu", kwa sababu historia haikuwa imeitoa.

6.0 Kutoka bendera ya chama hadi bendera ya taifa

Nafasi hiyo ilifunguliwa na harakati za kisiasa. Chama cha TANU, kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa na bendera ya kijani na nyeusi. Kwa wanachama wengi hiyo ndiyo iliyokuwa bendera ya kwanza waliyoikubali kwa hiari, wakaichangia kwa ada ya kadi na kukusanyika chini yake bila kushurutishwa. Uhuru ulipokaribia, bendera hiyo iliongezewa mistari ya rangi ya dhahabu ikawa bendera ya Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja wa taifa jijini Dar es Salaam, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani, na taa zilipowashwa bendera mpya ilikuwa juu. Usiku huo huo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika bendera hiyo pamoja na Mwenge katika kilele cha Kilimanjaro.

Zanzibar nayo ilikuwa na njia yake. Bendera ya Sultani ilibadilishwa kidogo katika uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaiondoa kabisa. Mwaka huo huo Zanzibar ilitumia bendera ya mistari ya buluu, nyeusi na kijani, rangi ambazo zilikuwa za chama cha Afro-Shirazi. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ilihitajika bendera moja, nayo ilianza kutumika rasmi tarehe 30 Juni 1964. Kijani na nyeusi zilikuwa za pande zote mbili, dhahabu ilitoka Tanganyika na buluu ilitoka Zanzibar. Mistari ya mlalo, ambayo ingelazimu rangi moja kukaa juu ya nyingine, iliachwa. Mahali pake pakawekwa utepe mweusi wa mshazari wenye kingo za dhahabu, ukipanda kutoka pembe ya chini iliyo karibu na mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kijani imekaa upande wa mlingoti na buluu upande unaopepea.

Tunaona, basi, kwamba bendera ya taifa ina nasaba ya kisiasa: ni mkataba kati ya bendera mbili, na kila moja ya hizo mbili ilizaliwa na bendera ya chama. Maelezo ya ardhi, watu, maji na madini yalipotawala shuleni, nasaba hii ilififia. Maelezo hayo yana faida yake, kwa kuwa kila mwananchi anaweza kuiona ardhi na maji bila kujali chama chake. Lakini yana hasara pia. Mwanafunzi anayejifunza kwamba buluu ni maji tu hataelewa kwa nini suala la bendera ya Zanzibar lilirudi mezani. Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya bendera ya Zanzibar mwaka 2004, na mwezi Januari 2005 bendera ya buluu, nyeusi na kijani, yenye bendera ndogo ya Muungano pembeni, ikapandishwa. Bila nasaba, jambo hilo linaonekana kuwa jipya. Pamoja na nasaba, linaonekana kuwa mazungumzo yale yale ya mwaka 1964 yakiendelea.

7.0 Matumizi: sheria, shule na ofisi ya kijiji

Matumizi rasmi ya bendera yanaongozwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971, ambayo inailinda dhidi ya kutumiwa ovyo, hasa katika biashara. Desturi nazo zina nguvu yake. Bendera hupandishwa asubuhi na kuteremshwa jioni. Wapitao husimama wakati wa tendo hilo. Hupepea nusu mlingoti wakati wa msiba wa taifa, kama ilivyokuwa alipofariki Mwalimu Julius Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Hufunika jeneza la kiongozi. Na hukabidhiwa timu inayokwenda kushindana nje ya nchi.

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, hata hivyo, matumizi haya yalikutana na hali ya pekee. Chini ya sheria ya vijiji ya 1975 uongozi wa tawi la chama na uongozi wa kijiji uliunganishwa kwa mtu mmoja, mwenyekiti. Palipokuwa na mlingoti wa ofisi, mara nyingi bendera ya TANU, na baada ya tarehe 5 Februari 1977 ile ya CCM, ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maisha ya watu. Kuwa "chini ya bendera ya chama" na kuwa raia mwema yalikaribia kuwa kitu kimoja. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, bendera za vyama vingine zilisimama kando ya barabara zile zile. Kwa mara ya kwanza mwanakijiji alitakiwa kutofautisha kwa macho yake bendera anayoweza kuichagua na bendera ambayo ni yake hata asipochagua chama chochote. Tofauti hiyo ni msingi wa uraia. Kwa bahati mbaya, somo la rangi nne haliitaji, kwa sababu linaieleza bendera moja peke yake, kana kwamba hapajawahi kuwa na nyingine.

8.0 Methali, upepo na sarufi ya bendera

Waswahili husema "bendera hufuata upepo". Methali hii hutumika kwa njia mbili zinazopingana. Kwa njia ya kwanza ni lawama kwa kigeugeu asiye na msimamo. Kwa njia ya pili ni nasaha, kwamba mnyonge aangalie nguvu iliyopo na aende nayo. Ukiikumbuka historia tuliyoieleza, njia zote mbili zina mantiki. Mtu wa Mrima ambaye katika uhai wake mmoja alishuhudia bendera nne zikitwekwa na kuteremshwa hakuwa na sababu ya kuamini kwamba bendera ina msimamo. Nahodha wa Sur na mwenye msafara wa Saadani walifuata upepo kwa sababu ndiyo njia ya kufika salama.

Tukichunguza muundo wa methali hii tunaona kwamba bendera ndiyo kiima, lakini haina uwezo wake wenyewe. Mwenye uwezo ni upepo, na mtu hayumo kabisa. Tuilinganishe sasa na usemi ulioenea katika Kiswahili cha sasa, hasa katika habari za michezo: "kuipeperusha bendera ya taifa". Kitenzi pepea, ambacho hakihitaji mtendaji mwingine, kina mwenzake wa usababishi peperusha, ambao lazima uwe na mtendaji. Mtendaji huyo ni mwanariadha, mwanafunzi, msanii au askari. Katika methali upepo huipeleka bendera. Katika usemi mpya mtu ndiye upepo. Sambamba na hilo, kutweka, kitenzi cha nahodha, kimepungua matumizi, na mahali pake pameshikwa na kupandisha, kitenzi cha kila mtu. Kusimika, kinachodokeza kushika mahali kwa nguvu au kwa ushindi, kimebaki kwa vilele vya milima. Na baada ya neno bendera sasa tunaweza kuweka kivumishi cha nafsi ya kwanza wingi: bendera yetu.

Hatudai kwamba lugha imefanya kazi hiyo peke yake, wala kwamba usemi mpya umeiua methali. Vyote viwili vinaishi, na wakati mwingine katika kinywa cha mtu mmoja. Tunachodai ni kwamba uhai wa pamoja wa semi hizi mbili ndio ushahidi bora wa hali ya bendera katika fikra za watumiaji wa Kiswahili: kitu ambacho bado kinaweza kumfuata mwenye nguvu, na ambacho kwa hiyo kinahitaji watu wa kukishika.

9.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba historia ya bendera katika Uzigua ni historia ya swali moja, "chini ya bendera ya nani?", lililoulizwa na mgeni mwaka 1884, likapiganiwa na Bwana Heri na wenzake kuanzia mwaka 1888, na likapata jibu la nafsi ya kwanza mwaka 1961. Jibu hilo lilikuja kwa njia ya vyama na likapatanishwa katika Muungano wa mwaka 1964. Nasaba hiyo imefichwa, pasipo nia mbaya, na somo la rangi nne.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, walimu wa Kiswahili na wa historia washirikiane kulifundisha somo la bendera kwa kuanzia na vitenzi, siyo rangi peke yake: nani aliitweka, nani aliiteremsha, nani aliipandisha, na nani anaipeperusha leo. Shule iliyo Handeni haina haja ya kutafuta mifano mbali, kwa kuwa njia ya Saadani ilipita katika nchi ya Uzigua. Pili, watafiti wa leksikografia wakusanye kwa wazee wa Uzigua, kwa Kizigua na kwa Kiswahili, msamiati wa bendera, boma, zumbe na msafara kabla haujapotea kama zilivyopotea beramu na ile bendera iliyokuwa kitambaa chekundu. Mtoto anayesimama mbele ya mlingoti wa Kwaluguru anastahili kujua kwamba bendera anayoitazama haikuwapo hapo daima, na kwamba kiambishi kilichomo katika neno "yetu" kilipatikana kwa gharama.